Kanuni za mambo ya kikubwa kwenye gemu za kuigiza wahusika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mmoja wa wasimamizi wa seva ndogo ya Kiswahili, yaani uwanja wa mtandaoni tunaochezea gemu hizi. Wachezaji wetu wako Mjini Unguja, Wete, Chake Chake, Dar es Salaam, Mombasa, na wengine Maskat. Hadithi yetu inatokea Mji Mkongwe wa zamani: kuna manahodha wanaosubiri kaskazi, wafanyabiashara wa karafuu, waganga, na majini wawili watatu. Maswali yaliyo hapa chini hutujia kila mara, kutoka kwa wachezaji, wazee wao na wasimamizi wa makundi mengine. Mengi yanazunguka jambo moja: kanuni ikisema "mambo yasiyofaa hayaruhusiwi", ni mambo gani hayo?

Gemu hizi ni zipi hasa?

Ni gemu ambazo mchezaji anavaa mhusika na kuishi naye ndani ya hadithi pamoja na watu wengine. Zilianza kwa maandishi matupu. Mwaka 1978 Roy Trubshaw na Richard Bartle, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, walitengeneza ulimwengu wa maneno ambao watu kadhaa waliweza kuingia kwa wakati mmoja. Baadaye zikaja zenye picha: Second Life mwaka 2003, World of Warcraft 2004, Roblox 2006. Wengine, kama sisi, bado tunaandika tu. Mmoja anaandika sentensi mbili za mhusika wake, mwengine anajibu, na usiku unakwenda.

Kanuni inakuwaje tata? Si kila mtu anajua lipi jema na lipi baya?

Nitakupa kanuni yetu wenyewe ya mwanzo. Ilikuwa na maneno matatu: "Hakuna matusi. Tuheshimiane." Tuliiona inatosha, na kila aliyeingia aliikubali.

Sasa litazame neno "matusi". Kuna anayelisikia kama kutukanana, kumtajia mtu mama yake. Lakini kwetu Unguja mtu akikwambia "wale walikuwa wanafanya matusi", hakusudii kwamba walikuwa wakigombana. Neno moja lina milango miwili, na sisi tulilining'iniza juu ya seva nzima bila kusema tunakusudia upi.

Haukupita muda mrefu, mchezaji mmoja, binti wa Pemba, akaleta ripoti. Mhusika wa mtu mwengine alikuwa amemfungia mhusika wake chumbani, na yule mtu akawa anaandika kwa urefu mambo ambayo binti hakuyataka. Alimwambia aache mara mbili. Msimamizi aliyekuwa zamu akasoma, akajibu kwamba hakuna tusi lililotajwa, kwa hiyo kanuni haijavunjwa. Kweli hakukuwa na neno chafu hata moja. Kila kitu kilisemwa kwa Kiswahili safi. Mimi nilikuwa mmoja wa wasimamizi waliosoma ripoti ile, na nilinyamaza kwa sababu sikuwa na kifungu cha kukishika. Binti aliondoka na hakurudi. Yule mwengine alibaki miezi mengine minne.

Hiyo ndiyo kanuni tata. Inamruhusu msimamizi kuamua kwa alivyoamka siku hiyo, au kwa anavyomjua mshitakiwa. Mara nyingi anayeumia ni mgeni, kwa kuwa rafiki wa msimamizi ana mtu wa kumfafanulia kanuni kwa upole.

Mbona hata kampuni kubwa zenye mawakili zinaandika kanuni za jumla jumla?

Zina sababu, na baadhi ya sababu hizo zina uzito. Ukiorodhesha kila kilichokatazwa, atatokea mtu atakayefanya kile ambacho hukukitaja, kisha akuoneshe orodha yako. Kampuni hujiachia nafasi.

Ugumu wa kueleza mpaka wenyewe ni wa kweli pia. Mwaka 1964 Jaji Potter Stewart wa Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyohusu filamu, alikiri kwamba pengine asingeweza kueleza kwa maneno ni kitu gani hasa kinachoitwa ponografia kali, ila akikiona anakijua. Kama jaji wa mahakama ile alikwama, msimamizi wa seva atakwama. Lakini jaji aliandika hukumu yake kwa jina lake, na watu wamekuwa wakiichambua tangu hapo. Anayefungia akaunti yako saa nane za usiku hakuachii hata sentensi moja.

Tazama yaliyotokea World of Warcraft. Katika seva moja ya Marekani iitwayo Moon Guard, kijiji cha Goldshire na nyumba yake ya wageni vilijulikana kwa maigizo ya ngono. Gemu yenyewe imepewa alama ya kuanzia umri wa miaka 13, na Goldshire ni mahali ambapo wachezaji wapya wa upande wa binadamu hufika mapema sana. Kanuni zilikuwepo siku zote. Mwaka 2010 ndipo kampuni ikatangaza kwamba wafanyakazi wake watapiga doria pale. Watu walikuwa wamezoea kwa miaka kwamba kanuni iliyoandikwa ni kitu kimoja na kinachoachwa kiendelee ni kitu chengine. Mchezaji mpya hana namna ya kuijua hiyo kanuni ya pili mpaka ajikwae.

Second Life walikwenda njia tofauti. Waliyagawa maeneo kwa daraja tatu, na mwaka 2009 wakafungua bara zima, Zindra, kwa ajili ya mambo ya watu wazima, lenye masharti ya kuthibitisha umri. Unaweza kulichukia bara hilo na usilikanyage kabisa. Lakini unajua liko wapi, na ukiwa nje yake unajua uko nje.

Kwenye gemu pameandikwa 13. Si ina maana kwamba mtoto wa miaka 13 yuko salama humo?

Hapana, na hili nataka wazazi walielewe vizuri. Kuna 13 mbili tofauti. Ya kwanza ni alama ya maudhui, kama zile za ESRB ya Marekani, bodi iliyoanza mwaka 1994. Bodi hiyo hupima kile kilichowekwa na watengenezaji wa gemu. Kuhusu mazungumzo ya wachezaji, husema wazi kwamba hayo haiyapimi. Katika gemu ya kuigiza wahusika, mazungumzo ndiyo gemu yenyewe.

13 ya pili ni ule umri wa kufungua akaunti. Huo umetokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayozuia kukusanya taarifa za watoto walio chini ya miaka 13 bila idhini ya wazazi. Ni sheria ya taarifa binafsi. Hakuna aliyekaa akapima mtoto wa umri huo anaweza kusoma nini bila kudhurika.

Sisi Waislamu na watu wa staha, kwa nini tusipige marufuku yote na mambo yakaisha?

Seva yetu imepiga marufuku maigizo ya ngono, kwa kila umri. Mimi naunga mkono. Ila kupiga marufuku hakukuondolei kazi ya kusema ni kitu gani ulichokipiga marufuku. Je, mke kumpokea mumewe aliyerudi safari kwa kumfukizia udi, ni ngono? Mimba katika hadithi? Talaka kwa sababu za chumbani, ambazo makadhi wetu huzisikiliza kila siku?

Tena mambo haya hayakuwa hayazungumzwi kwetu. Bibi zetu walikuwa na unyago. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alijulikana kwa ngoma ya unyago kama alivyojulikana kwa taarab. Mwari alifundishwa mambo ya mwili na ya ndoa waziwazi, kwa nyimbo na kwa viuno, bila kupindisha. Lakini wapi? Ndani, mlango umefungwa, wanaume hawamo, aliye mdogo hayumo, na kila mwari ana somo wake anayemjibia. Kesho yake asubuhi nyimbo zile hazisikiki sokoni Darajani.

Nikiwaambia vijana kwamba kanuni nzuri inataja mlango, ndiyo maana yangu. Waliokuwa wakiendesha unyago hawakuandika sera, lakini kila mtu alijua nani anaingia, nani anasimamia, na nini hakitoki nje.

Kwa nini msiweke programu ya kuzuia maneno machafu?

Tumeiweka, na haitoshi hata kidogo.

Kwanza, programu nyingi zimeundwa kwa Kiingereza. Mwaka 1996 kampuni ya AOL iliwazuia wakaazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, kufungua akaunti kwa sababu ndani ya jina la mji wao mna herufi zinazounda neno chafu. Ikiwa Kiingereza chenyewe kinawashinda, Kiswahili ndiyo hakionekani. Mtu anaweza kuandika ukurasa mzima wa uchafu kwa Kiswahili na programu ikaona sawa.

Pili, Kiswahili chetu hakifanani kila mahali. Mchezaji wa Makunduchi akiandika "mvua inakunya", anasema mvua inanyesha. Msimamizi wa bara aliwahi kumpa onyo. Kijana wa watu alikuwa anaelezea masika tu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, sisi ni watu wa fumbo. Tumelelewa na taarab na majina ya kanga. Mtu anaweza kusema habari za chungu na mwiko, ngalawa na bandari, na watu wazima wote wakainamisha nyuso. Hakuna programu itakayokamata hilo. Kwa hiyo kanuni yetu haiangalii neno. Inauliza: msomaji wa kawaida ataelewa kwamba tendo la ngono linaelezwa? Kama ndiyo, fumbo halikukingi.

Wahusika wetu wanaruhusiwa kupendana?

Ndiyo. Kuposa, kuoa, wivu, barua, kushikana mkono, kumbusu mkeo paji la uso. Wakiingia chumbani, funga pazia: andika "asubuhi ilipofika" na hadithi iendelee. Wanaocheza mezani kwa kete wana desturi iliyotungwa na mtunzi wa gemu Ron Edwards, ya mistari na mapazia. Mstari ni jambo lisilotokea kabisa katika hadithi yenu. Pazia ni jambo linalotokea lakini halioneshwi. Kabla ya kuanza hadithi mpya tunaulizana mistari yetu, na hakuna anayetakiwa kueleza kwa nini.

Ni mhusika tu, si mimi. Kwa nini niadhibiwe kwa alilofanya mhusika?

Kwa sababu upande wa pili yuko mtu.

Mfano mashuhuri wa jambo hili una miaka mingi. LambdaMOO ulikuwa ulimwengu wa maandishi ulioanzishwa na Pavel Curtis wa maabara ya Xerox huko California, mwaka 1990. Mwishoni mwa 1992 Curtis alitangaza kwamba wasimamizi hawataingilia tena ugomvi wa wakaazi. Miezi michache baadaye mchezaji mmoja akatumia programu iliyomwezesha kuandika vitendo kwa jina la wahusika wa wengine, akawafanya waonekane wakifanya mambo ya ngono na ya kikatili mbele ya kila aliyekuwepo sebuleni. Wenye wahusika wale walikaa mbele ya kompyuta zao wakisoma majina yao yakitumiwa hivyo.

Wakaazi walikutana wakajadiliana kwa masaa. Wengine walitaka afutwe, wengine wakauliza afutwe kwa sheria ipi, na sheria haikuwepo. Wakatawanyika bila uamuzi. Msimamizi mmoja akamfuta kwa hiari yake peke yake. Ndipo Curtis akaanzisha utaratibu wa maombi na kura ili wakaazi wajitungie kanuni. Na yule mtu akarudi kwa jina jengine.

Mimi huwasomesha wasimamizi wapya kisa hiki mwanzo kabisa. Alichokifanya mtu yule kila mmoja alikiona ni kibaya. Kilichowakwamisha ni kwamba hawakuwa wamekubaliana mapema.

Kwetu, mhusika wako anaweza kuwa mwovu, haramia, hata mchawi. Lakini huandiki mwili wa mhusika wa mwenzako bila ridhaa yake, na ridhaa ya jana si ya leo. Tumechukua pia wazo la kadi ya X ya John Stavropoulos: mezani huwekwa kadi yenye alama hiyo, na mtu akiigusa, kinachoendelea kinarukwa bila maelezo. Sisi tunaandika herufi X tu. Aliyeendelea baada ya X hatubishani naye.

Mhusika wangu ana miaka 15, lakini mimi mwenyewe ni mtu mzima. Naweza kumuandikia mapenzi ya kikubwa?

Hapana. Wala mhusika "anayeonekana mdogo lakini ni jini wa miaka 300". Swali hili tunalijibu kwa neno moja, na anayelirudia anatoka.

Mnajuaje umri wa mtu?

Mara nyingi hatujui. Watu husema uongo, na nyumba nyingi zina simu moja ya maana. Kaka anacheza saa tatu usiku, mdogo wake anaifungua alfajiri kwa akaunti ile ile. Roblox mwaka 2023 waliruhusu maeneo ya miaka 17 na zaidi kwa watu waliothibitisha umri kwa kitambulisho, na hata humo maudhui ya ngono yalibaki marufuku. Sisi hatuna uwezo wa kukagua vitambulisho, na nisingetaka kuhifadhi vitambulisho vya watu. Kwa hiyo tunaandika kama kwamba mtoto anaweza kuwa anasoma. Kundi linalotaka kuruhusu mambo ya kikubwa bila kuweza kujua nani yuko ndani, namshauri msimamizi wake asilifungue.

Kanuni zinafika mpaka inboksi?

Zinafika. Kanuni nyingi za makundi hukaa kimya hapa, na hapa ndipo mabaya mengi huhamia. Mtu mzuri barazani humwandikia mtoto pembeni: "tuendelee na hadithi kule". Yeyote anayemtaka mchezaji mdogo kwenye mazungumzo ya siri, au anayeomba picha, hata kama ni "ya mhusika", ameshavunja kanuni kabla hajaandika jengine.

Sheria ya nchi inasemaje?

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Tanzania Bara na Zanzibar. Imeharamisha kuchapisha ponografia kwa mfumo wa kompyuta, na imetenga kosa la peke yake kwa ponografia ya watoto. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamtambua mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18, si 13. Kanuni za kampuni ya Marekani hazikuondoi chini ya sheria hizi ukiwa umekaa Michenzani.

Ramadhani kanuni zinabadilika?

Kanuni hazibadiliki. Hadithi za mapenzi tunazisimamisha kwa makubaliano, na hadithi za safari huwa ndefu zaidi kwa kuwa watu wako macho mpaka daku.

Mimi ni mzazi. Nimekuta mambo kwenye simu ya mwanangu. Nifanye nini?

Usimpige, na usiifute simu kwa hasira. Mtoto akijua kwamba kusema kunamkosesha simu, mara ya pili hatasema. Kaa naye, muulize nani alianza, wapi, na kama kuna aliyemtaka waonane.

Hifadhi mazungumzo, majina ya akaunti na tarehe. Kama kuna picha za utupu za mtoto, usizisambaze kwa mtu yeyote, hata kwa nia ya kuwaonya jamaa kwenye kundi la familia. Ipeleke simu kama ilivyo Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Vituo vya Mkono kwa Mkono vilivyoko kwenye hospitali Unguja na Pemba vinampokea mtoto aliyefanyiwa udhalilishaji kwa daktari, polisi na mshauri mahali pamoja. Simu namba 116 ni ya watoto, na haina malipo.

Kuna wazee huogopa kwamba kusema kutamvunjia mtoto heshima yake mtaani. Naielewa hofu hiyo, nimeiona kwa jamaa zangu. Lakini aliyemfanyia mtoto wako yuko kwenye seva nyengine leo, na anategemea hofu hiyo hiyo.

Tunaanzisha kundi letu. Mnaweza kutupa mfano wa kanuni?

Chukueni hii, mbadilishe mnavyotaka:

"Hadithi zetu zinaweza kuwa na mapenzi, ndoa, mimba na talaka. Hatuelezi tendo la ngono wala utupu, kwa maneno wazi, kwa fumbo, kwa picha au kwa sauti. Wahusika wakifika hapo, funga pazia. Mhusika aliye chini ya miaka 18, au anayeelezwa kama mtoto, haingizwi katika mapenzi ya kikubwa kwa hali yoyote. Usiandike vitendo vya mhusika wa mwenzako bila ridhaa yake. Akiandika X, acha papo hapo. Kanuni hii inahusu baraza, sauti na inboksi. Ukikosea kwa bahati mbaya, utaelezwa na kuonywa mara moja. Ukiendelea baada ya X, au ukimfuata mtoto, unatolewa bila onyo. Ripoti husomwa na wasimamizi wawili, mmoja wao asiwe rafiki wa anayeshitakiwa. Utapewa sababu kwa maandishi, na una siku saba za kukata rufaa."

Ni ndefu kuliko maneno matatu tuliyoanza nayo. Tumeshaibadilisha mara tano. Sentensi ya inboksi iliingia mwaka wa pili, na ile ya wasimamizi wawili iliingia baada ya ripoti ya yule binti wa Pemba.

Na msimamizi akiivunja yeye mwenyewe?

Anavuliwa usimamizi siku ile ile, kabla kesi haijasikilizwa, na ripoti husomwa na wawili ambao hakuwateua yeye. Imetokea mara moja kwetu. Alikuwa mtu niliyempenda sana.